Kufuata bajaji, mbuzi na watu kwenye video: maswali ninayoulizwa kila mara

Kazi yangu kubwa hapa Dodoma ni kuhesabu vitu vinavyopita mbele ya kamera. Wanaonitafuta ni wanafunzi wenye mradi wa mwaka wa mwisho, watu wa barabara wanaotaka kujua magari mangapi hupita kwenye makutano, wenye maduka, na siku hizi wafugaji pia. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeamua kuyajibu mara moja hapa. Mpangilio ni ule ule wa jinsi yanavyonijia.

Kufuatilia kitu kwenye video ni nini hasa? Si sawa na kukitambua?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Video ni picha nyingi zinazopita haraka, na kila picha moja tunaiita fremu. Kutambua ni kuichukua fremu moja na kusema: hapa pana bajaji, pale pana mtu. Programu ya kutambua haina kumbukumbu. Fremu inayofuata inaianza upya, kama mlinzi wa getini anayesahau kila sura akishageuza shingo.

Kufuatilia ni kuongeza hiyo kumbukumbu. Unasema bajaji hii ndiyo ile niliyoiona sehemu ya ishirini na tano ya sekunde iliyopita, naendelea kuiita namba 7, na itabaki namba 7 mpaka itoke kwenye picha.

Aliyenifundisha tofauti hii vizuri kuliko kitabu chochote ni mzee mmoja mnadani Msalato. Ilikuwa Jumamosi, nikamwamkia, nikamwonyesha kwenye simu video ya mbuzi wake wakipita langoni, kila mmoja na kisanduku chake na namba juu. Akaitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, huyu namba nne na huyu namba kumi na moja ni mbuzi mmoja."

"Umemjuaje, mzee?"

"Sikio."

Sikio la kushoto lilikuwa na mkato. Mbuzi alipita nyuma ya wenzake, mashine ikampoteza, na alipochomoza upande wa pili ikampa namba mpya. Programu yangu ilimwona mbuzi vizuri kabisa mara zote mbili. Haikumjua tu.

Sasa mashine inajuaje kwamba kisanduku hiki ni cha bajaji ile ile?

Kwa njia tatu zinazosaidiana: mahali, mwendo na sura.

Tuanze na mahali. Kila kitu kilichotambuliwa kinazungushiwa kisanduku. Ukichukua kisanduku cha fremu iliyopita na cha fremu ya sasa, unapima vinavyolaliana kwa kiasi gani: eneo la pamoja gawanya kwa eneo lote linalofunikwa na vyote viwili. Chukua kisanduku cha pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) 100 kwa 100. Kikisogea pikseli 50 kulia, eneo la pamoja ni 5,000, eneo lote ni 15,000, jibu ni theluthi moja. Kikisogea pikseli 100 au zaidi, jibu ni sifuri, na kwa kipimo hiki pekee mashine haina sababu ya kuviunganisha.

Mwendo ndio unaoziba pengo hilo. Kama bajaji ilikuwa inakwenda kulia kwa pikseli 30 kila fremu, ni busara kuitafuta pikseli 30 mbele. Kifaa cha kubashiri kinachotumika sana ni kichujio cha Kalman, alichokichapisha Rudolf Kálmán mwaka 1960 na kikaja kutumika kwenye safari za Apollo za kwenda mwezini. Kinafanya mambo mawili kwa zamu: kinabashiri kitu kitakuwa wapi, kisha kikikiona kinasahihisha. Kama ubashiri unaaminika zaidi, kinauegemea. Kama jicho linaaminika zaidi, kinaegemea jicho. Kitu kikipotea fremu tatu nne, kichujio kinaendelea kubashiri gizani kikisubiri kirudi.

Halafu lipo tatizo la kugawana. Una visanduku kumi vya zamani na kumi vipya. Nani ni nani? Fikiria kijiwe cha bodaboda. Juma yuko dakika 2 kutoka kwa abiria wa kwanza na dakika 3 kutoka kwa wa pili. Musa yuko dakika 3 kutoka kwa wa kwanza na 10 kutoka kwa wa pili. Ukimpa Juma abiria aliye karibu naye zaidi, jumla ni dakika 12. Ukiwabadilisha, jumla ni 6. Kanuni inayopata mgawo bora wa kundi zima bila kujaribu kila uwezekano iliandikwa na Harold Kuhn mwaka 1955. Aliiita ya Kihangari kwa heshima ya wanahisabati wawili wa Hungaria ambao kazi yao ndiyo aliyoijenga juu yake. Kálmán naye alizaliwa Budapest. Nadhani ipo siku Wahangari watatudai mrabaha.

Ukiunganisha kutambua, Kalman na kanuni hiyo ya Kihangari, umepata SORT, programu ya kufuatilia ya mwaka 2016. Ni fupi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuisoma yote jioni moja, na namshauri aisome kabla ya kupakua kitu kingine chochote.

Sura ilikuja na DeepSORT mwaka 2017. Kila kitu kinapewa orodha ya namba 128 zinazoeleza kinavyoonekana, ili kikipotea na kurudi kilinganishwe na kumbukumbu. Hilo ndilo sikio la yule mzee, kwa namna fulani. Ila kwa bajaji za Dodoma sura haikufikishi mbali. Ziko nyingi za rangi moja na umbo moja, na kwa mbali mashine haina mkato wa sikio wa kushikilia.

Nimehesabu mbuzi wangu, mashine inasema ni wengi kuliko waliopo. Kwa nini?

Hongera, umepata mbuzi hewa. Karibu kila mara chanzo ni kufunikwa: mbuzi mmoja anapita nyuma ya mwingine, anapotea, anarudi na namba mpya. Kama unahesabu namba ngapi zimetolewa, kila kupotea ni mbuzi wa ziada.

Tiba ya kwanza ni kuacha kuhesabu namba. Chora mstari kwenye picha, mahali ambapo mifugo inapita mmoja mmoja au wawili wawili, na uhesabu wanaouvuka. Mbuzi aliyebadilishwa namba mara tatu kabla ya mstari bado atauvuka mara moja. Tumia nukta iliyo katikati ya ukingo wa chini wa kisanduku, pale kwato zinapogusa ardhi, kwa sababu katikati ya kisanduku hurukaruka mnyama akiinua kichwa. Weka pia sharti la mwelekeo. Mbuzi ana tabia ya kufika langoni, kusita, kurudi nyuma na kuja tena, anayerudi mpunguze.

Tiba ya pili ni kutotupa visanduku vyenye shaka. Programu ya kutambua hutoa kila kisanduku na alama ya uhakika, na watu wengi hufuta vyote vyenye alama ya chini. ByteTrack, programu ya kufuatilia iliyotoka mwaka 2021, ilikuja na wazo rahisi: kwanza unganisha vyenye alama ya juu, kisha rudi kwa vya chini uone kama vinalingana na vitu ulivyokuwa ukivifuata ambavyo vimekosa mwenza. Mbuzi aliyefunikwa nusu hupata alama ya chini, lakini yupo pale pale ulipotarajia awe. Kwa mifugo nimeona njia hii ikisaidia kuliko kununua kamera ya gharama zaidi.

Tiba ya tatu haina kompyuta ndani yake. Bana mlango. Wafugaji wamekuwa wakihesabu kwa kupitisha mifugo kwenye mlango mwembamba wa zizi tangu enzi na enzi, na kamera juu ya mlango wa namna hiyo inafanya kazi rahisi sana.

Je, ni lazima nitumie modeli kubwa za akili mnemba?

Siyo lazima modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa picha nyingi. Kama kamera haisogei na unataka kujua tu kuna kitu kimepita, iko njia ya kutoa mandharinyuma. Mashine inajifunza eneo tupu linavyoonekana, kisha inaliondoa eneo hilo kwenye picha ya sasa na kuangalia kilichobaki. Kwenye OpenCV, maktaba huria iliyoanzia Intel mwaka 1999, njia inayotumika sana inaitwa MOG2. Kwa mipangilio yake ya kawaida inakumbuka fremu 500 za nyuma na inajaribu kutenga vivuli kwa kuvipaka kijivu. Laptopu ya zamani inaiendesha bila jasho.

Shida yake ni kwamba inaona mabadiliko, haioni vitu. Mara ya kwanza niliifunga kamera kwenye nguzo kando ya barabara ya Singida, mwezi wa saba, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Jioni nilipofungua matokeo, chombo kilichopita mara nyingi kuliko vyote kilikuwa mwarobaini. Upepo wa Dodoma mnaujua. Tawi linakwenda, tawi linarudi, mashine inahesabu. Bati la kibanda cha jirani nalo lilikuwa linapigwa na jua na kumetameta, likahesabiwa. Kwa bahati mbaya na nguzo yenyewe ilikuwa inatikisika, kwa hiyo kila lori likipita picha nzima ilikuwa "kitu kinachotembea".

Kivuli ni adui mwingine. Saa kumi na moja jioni kivuli cha bodaboda ni kirefu kuliko bodaboda, na pikipiki mbili zinazopita sambamba zinaunganishwa na vivuli vyao kuwa dude moja. Saa sita mchana, hasa mwanzoni mwa Machi na Oktoba ambapo jua la huku linasimama karibu utosini kabisa, vivuli vinajikunja chini ya magari na njia hiyo hiyo inafanya kazi safi. Ndiyo maana mtu anayejaribu mfumo wake saa sita tu anajidanganya.

Njia nyingine ya zamani ambayo bado naipenda ni ya watafiti Lucas na Kanade, ya mwaka 1981. Hii haitafuti kitu kizima, inafuata vinukta: kona ya taa, ukingo wa namba ya gari, doa kwenye manyoya. Inauliza kila kinukta kimesogea kwenda wapi. Kinukta lazima kiwe kona yenye mabadiliko pande zote mbili. Ukichagua katikati ya ubavu mweupe wa basi hutajua kama basi linakwenda au limesimama, maana weupe wa hapa na weupe wa pale ni ule ule.

Kwa nini programu inaita bajaji "gari", na mbuzi inawaita kondoo?

Kwa sababu haijawahi kufundishwa bajaji wala mbuzi. Modeli nyingi za bure zimefunzwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, uliotoka mwaka 2014, wenye aina 80 za vitu. Tembo yumo, pundamilia yumo, twiga yumo, hata dubu. Ng'ombe na kondoo wamo. Mbuzi hayumo. Punda hayumo. Bajaji haimo, guta halimo, mkokoteni haumo. Piza ipo.

Mashine haiwezi kusema "sijui", kwa hiyo inachagua jirani wa karibu: bajaji inakuwa gari dakika hii na pikipiki dakika ijayo, na kama mfumo wako unakataa kuunganisha aina tofauti, namba inakatika kila aina inapobadilika. Uambie mfumo uunganishe bila kujali aina, kisha upige kura mwishoni: kama kwenye fremu nyingi aliitwa kondoo na tunajua huku tunahesabu mbuzi, basi ni mbuzi.

Ukitaka suluhisho la kudumu, fundisha modeli yako. Piga video za hapa hapa: Nyerere Square, stendi, njia ya Kikuyu, asubuhi, mchana, vumbi, mvua. Chora visanduku kwa kutumia zana huria kama CVAT, ambayo inakuruhusu kuchora kwenye fremu ya kwanza na ya ishirini na yenyewe ikajaza za katikati. Kazi inachosha, sitakudanganya. Lakini ukishaanza na modeli iliyokwisha kufunzwa COCO, huhitaji kuifundisha kuona upya. Unaifundisha majina ya kwetu.

Usichukue fremu zinazofuatana ukazigawa nasibu, hizi za kufundishia na hizi za kupimia. Fremu mbili za jirani ni kama picha moja. Utapata alama nzuri ajabu, kisha utaaibika barabarani.

Kamera niiweke wapi?

Juu kuliko unavyodhani, na itazame chini. Kamera ya usawa wa kifua inaona gari la mbele tu. Daladala moja ikisimama kushusha abiria inaficha barabara nzima. Ukipanda ghorofa ya pili vitu vinatengana na kufunikwa kunapungua sana. Nikilazimika kuchagua kati ya modeli bora na ngazi ndefu, nachukua ngazi.

Usiielekeze mashariki wala magharibi kama unaweza kukwepa. Barabara ya Morogoro inatoka mjini kuelekea mashariki, kwa hiyo kamera inayotazama kando yake italiona jua uso kwa uso ama asubuhi au jioni. Kwenye barabara ya Arusha au ya Iringa, zinazokwenda kaskazini na kusini, tatizo hilo ni dogo. Na funga kamera kwenye ukuta wa tofali. Nguzo nyembamba ya chuma niliyokwisha kuisimulia inatosha kukufundisha.

Nirekodi fremu ngapi kwa sekunde?

Piga hesabu kabla ya kununua. Bodaboda inayokwenda kilomita 50 kwa saa inasafiri karibu mita 13.9 kwa sekunde. Kwa fremu 25 inasogea sentimita 56 kati ya fremu na fremu. Pikipiki yenye urefu wa kama mita 2 bado inajilalia vizuri. Kwa fremu 5 inasogea mita 2.8. Visanduku havigusani tena, na mashine haina pa kushika. Kamera nyingi za ulinzi zimewekwa fremu chache ili kuokoa nafasi, kisha mwenye nazo ananiletea rekodi na kuniuliza kwa nini ufuatiliaji haufanyi kazi.

Kwa mbuzi wanaotembea, fremu 10 zinatosha. Kuhusu nafasi: video ya megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.8 kwa saa, yaani karibu 22 kwa saa kumi na mbili. Nenda ukachukue kadi mkononi. Usijaribu kuituma kwa bando.

Naweza kupima mwendo wa bodaboda mtaani kwetu?

Unaweza, ukiwa mkweli kuhusu makosa. Tafuta nukta nne barabarani zinazoonekana kwenye picha, zipime kwa futi ya kamba, kisha OpenCV itakugeuzia picha iwe kama ramani ya kutazama kutoka juu. Ugeuzi huo ni sahihi kwa vitu vilivyo ardhini tu. Fuata tairi, usifuate kofia ya dereva.

Halafu chagua umbali mrefu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mita 20 zinachukua sekunde 1.44, yaani fremu 36. Ukikosea fremu moja mwanzo na moja mwisho, umekosea kama kilomita 3 kwa saa. Ukipima kwa mita 5 tu, zipo fremu 9, na kosa lile lile linaweza kufika kilomita 14 kwa saa. Mtu wa kawaida anayekwenda 50, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi, atageuka mhalifu kwenye karatasi yako.

Jihadhari na simu. Simu nyingi hazirekodi kwa fremu zilizo sawa. Mwanga ukipungua zinapunguza zenyewe. Ukidhani kila fremu ni sehemu ya 25 ya sekunde wakati siyo, mwendo wote unapinda. Soma muda ulioandikwa ndani ya faili la video kwa kila fremu. Na matokeo yako ni ya kuombea matuta kwenye ofisi ya mtaa. Hayamtozi mtu faini.

Laptopu yangu haina GPU. Nifanyeje?

GPU ni kichakataji cha picha kinachoharakisha hesabu za modeli. Kwanza jiulize nani kakuambia ni lazima iwe mubashara. Kama unataka ripoti ya kesho, rekodi leo, acha laptopu ichakate usiku kucha. Punguza ukubwa wa picha, tumia toleo dogo la YOLO, modeli ya kutambua vitu, na kata sehemu ya anga na kuta ambako hakupiti kitu. Unaweza pia kutambua kila fremu ya tatu na kuacha Kalman ibashiri zile mbili za katikati. Google Colab, huduma ya kompyuta za mtandaoni, inatoa GPU ya bure kwa muda wenye mipaka. Inatosha kufundishia modeli ndogo, mradi umeme na intaneti visikatike ukiwa umefika asilimia tisini. Hifadhi kazi kila baada ya raundi ya mafunzo. Mimi nilijifunza kwa machungu.

Na usiku? Na vumbi?

Usiku programu inaona taa. Gari linakuwa nukta mbili, pikipiki moja, na gari lenye taa moja mbovu linakuwa pikipiki. Kamera zenye taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zina kasoro ambayo muuzaji hakwambii: buibui akijenga mbele ya kioo, taa inammulika na unapata kitu kikubwa cheupe kinachotembea usiku kucha. Vumbi nalo likimulikwa na taa hiyo linang'aa kama theluji. Mwezi wa nane hadi wa kumi nabeba kitambaa laini na ufagio mdogo kila ninapokwenda kukagua, na ndiyo matengenezo yenye faida kuliko yote niliyowahi kufanya.

Nikitumia droni?

Mandhari yote inatembea, kwa hiyo ile njia ya kutoa mandharinyuma iache nyumbani. Inabidi kwanza ukadirie droni yenyewe imesogea vipi kwa kulinganisha vinukta vya ardhini, uondoe mwendo huo, ndipo ufuate vitu. Programu ya kufuatilia iitwayo BoT-SORT, ya mwaka 2022, inafanya hivyo ndani yake. Kwa ng'ombe malishoni, picha ya kutoka juu ni tamu, hakuna anayemfunika mwenzake isipokuwa mti. Kibali kinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Huu ni mji wa Bunge na Ikulu iko Chamwino. Usirushe kwanza ukaomba baadaye.

Sheria inasemaje kuhusu kurekodi watu?

Mimi ni fundi, si mwanasheria, kwa hiyo jibu langu ni la fundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ambako wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Video inayoonyesha nyuso ni taarifa za watu. Ninachofanya: kamera inatazama barabara, haitazami madirisha ya mtu, mashine inahifadhi saa, aina na njia iliyopitwa, video yenyewe inafutwa baada ya kuhakiki. Aliyekuja kuniomba nimfuatie mtu mmoja aliyemtaja kwa jina, nilimnywesha chai akaondoka.

Itasoma na namba za magari?

Hiyo ni kazi nyingine, inataka kamera ya karibu na mwanga mwingine. Soma tena jibu lililotangulia.

Programu hizi ni za bure kweli? Hata nikiuza huduma?

Soma leseni. OpenCV tangu toleo la 4.5 iko chini ya Apache 2, na ByteTrack iko chini ya MIT. Zote zinakuruhusu kufanya biashara. YOLO za Ultralytics ziko chini ya AGPL-3.0. Ukimjengea mteja huduma juu yake bila kununua leseni ya biashara, unatakiwa kuutoa wazi na msimbo wako. Wengi hapa mjini hawajui hili mpaka mteja mkubwa anapowauliza.

Nitajuaje kama mfumo wangu ni mzuri?

Kaa chini na daftari. Sina maana ya mzaha: chagua nusu saa ya asubuhi, nusu ya mchana na nusu ya jioni, hesabu kwa macho, kisha linganisha. Usilinganishe jumla pekee, kwa sababu makosa hufutana. Mashine ikikosa bodaboda kumi na kuongeza vivuli kumi, jumla itakuwa sahihi na kila kitu kitakuwa kimeharibika.

Ukitaka vipimo vya kitaalamu, kuna kimoja kinaitwa MOTA. Unajumlisha vilivyokosekana, vilivyozushwa na namba zilizobadilishwa, unagawa kwa visanduku vyote vya kweli, kisha unatoa kwenye moja. Kinaonekana cha haki, lakini kiangalie kwa karibu. Chukua mbuzi 40, kila mmoja ameonekana kwenye fremu 50. Hivyo ni visanduku 2,000. Tuseme mashine haikumkosa hata mmoja, ila ilibadilisha namba mara 12. MOTA inakupa asilimia 99.4. Ukihesabu kwa namba zilizotolewa, mzee wa mbuzi anaambiwa ana mbuzi 52.

Ndiyo maana vipo IDF1 na HOTA, cha mwisho kikiwa kimetoka mwaka 2020. Hivi vinauliza kama kitu kimoja kilibaki na namba moja kwa safari yake yote. Mwanafunzi akiniletea ripoti yenye MOTA peke yake namrudisha akaangalie video, na akae na mtu anayezijua zile mbuzi.